Paka Akikuparura: Historia ya Maswali Matatu ya Tabibu

Huu ni msimu wa ufuta, maghala yanajaa, na panya nao wanajua. Kwa hiyo paka yupo kazini. Leo sitazungumzia panya wala bei ya ufuta. Nitazungumzia kucha za huyo paka, kwa sababu mwaka jana zilinifundisha somo ambalo mimi, mtu wa mifugo, nilipaswa kuwa nalijua.

Ilikuwa mwezi wa sita, katika ghala la kijiji kimoja upande wa bara wa wilaya ya Kilwa. Tulikuwa tunahamisha magunia tuangalie kama kuna wadudu. Nyuma ya gunia la mwisho alikuwepo paka jike na watoto wake. Nikanyoosha mkono kuwasogeza. Akaniparura mara mbili mgongoni mwa mkono wa kulia, damu ikatoka kidogo, kisha akaruka dirishani akapotea. Mzee anayelinda ghala akasema, "Pole Bwana Mifugo. Huyo si paka wetu, amehamia tu." Nikacheka, nikajifuta kwa leso, kazi ikaendelea.

Siku ya pili mkono ulivimba. Siku ya tatu nilishindwa kukunja vidole nikashike usukani wa pikipiki. Siku ya nne, baada ya kutetemeka kwa homa usiku kucha, nilipelekwa kituo cha afya kwa bodaboda. Tabibu, mama wa makamo, aliutazama mkono, akanitazama usoni, akaniuliza maswali matatu:

"Uliosha kwa sabuni saa ngapi? Sindano ya pepopunda ulichomwa lini mara ya mwisho? Na huyo paka yuko wapi sasa hivi?"

Sikuwa na jibu zuri hata moja. Kuosha sikuosha. Pepopunda sikumbuki, labda nilipokuwa mtoto. Na paka hakuna aliyejua aliko. Mama yule akatikisa kichwa. "Bwana Mifugo, si wewe unayepita vijijini kutuchanjia mbwa?"

Nilipona, namshukuru Mungu na yule mama. Lakini maswali yake hayakuniacha. Nilipoanza kuyafuatilia nikaona kwamba kila moja lina historia yake, na nyuma ya kila moja wapo watu waliokufa kabla ya yeyote kujua kwamba swali hilo linafaa kuulizwa. Nimeona niwaandikie historia hiyo. Mtu akijua kwa nini anaulizwa, hatangoja siku nne kama mimi.

PAKA ALIFIKAJE GHALANI KWETU

Tuanze na mwenyewe. Paka wa nyumbani anatokana na paka-mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Alianza kukaa na binadamu pale binadamu alipoanza kuhifadhi nafaka, kwa kuwa nafaka ilileta panya. Hakufungwa kamba kama ng'ombe. Alikuja mwenyewe kufuata chakula chake, na mpaka leo ndivyo anavyoishi: nusu wetu, nusu wa porini.

Panya wa darini yeye asili yake ni Bara Hindi, na alisambaa duniani kwa kujificha kwenye mizigo ya vyombo vya baharini. Fikiria basi Kilwa Kisiwani wakati Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Dhahabu ya Sofala ilipita pale, vitambaa na vyombo vya udongo vilitoka ng'ambo, majahazi yaliingia na kutoka kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi. Palipo na bandari pana ghala, palipo na ghala pana panya. Mabaharia wa kila taifa walizoea kubeba paka chomboni ili wasiliwe chakula njiani. Ukitembea leo Kivinje au soko la samaki Masoko, ukaona paka wamelala juu ya nyavu, ujue kazi yao hapa pwani ni ya zamani.

Nasema haya ili mtu asisome makala hii akaenda kumuua paka wake. Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Gunia la ufuta lililotobolewa na panya ni hasara unayoijua vizuri kuliko mimi. Paka abaki ghalani. Kinachotakiwa kubadilika ni namna tunavyozichukulia kucha zake.

SWALI LA KWANZA: ULIOSHA SAA NGAPI?

Kucha ya paka ni nyembamba na imepinda kama ndoana. Inapoingia inapeleka uchafu chini ya ngozi, na inapotoka ngozi inajifunga. Nje unaona mstari mdogo tu. Ndani vijidudu vimekwishapata nyumba. Jino lake ni baya zaidi, kwa kuwa linachoma kwa kina kama sindano.

Kimoja kati ya vijidudu hivyo wafugaji wa kuku mnakifahamu kwa matendo yake, hata kama hamjui jina. Mwaka 1879 na 1880 mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, alikuwa akichunguza kipindupindu cha kuku, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Aligundua kwamba vimelea vyake vikikaa muda mrefu maabara vinapungua nguvu, na kuku akichomwa hivyo vilivyopungua nguvu haugui tena. Huo ukawa mmoja wa misingi ya chanjo tunazotumia leo. Kimelea hicho kikaja kuitwa Pasteurella kwa heshima yake. Aina hiyohiyo ya kimelea huishi kinywani mwa paka wengi wazima kabisa, bila kuwaumiza. Paka hulamba makucha yake kutwa nzima. Akikuuma au akikuparura, kinaweza kuingia, na huwa hakichelewi: ndani ya siku moja tu mahali pale panaweza kuvimba na kuuma sana.

Zamani mkwaruzo ukioza hapakuwa na dawa ya kumeza. Dawa ilikuwa kisu au kungoja. Kisa kimoja kinaonyesha wazi. Mwaka 1941 mjini Oxford, Uingereza, alikuwepo askari polisi aitwaye Albert Alexander. Alipata jeraha dogo usoni. Kuna wanaosimulia kwamba ni mwiba wa waridi, wengine wanasema aliumia katika mashambulizi ya mabomu ya vita. Vyovyote vile, jeraha lilianza kuoza, majipu yakaenea kichwani, jicho moja likang'olewa. Februari 12 mwaka huo madaktari walimpa dawa mpya iliyokuwa bado inafanyiwa majaribio, penisilini. Homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa iliyokuwepo ilikuwa kidogo mno. Walifikia hatua ya kukusanya mkojo wake ili waitoe humo dawa na kumchoma tena. Baada ya siku chache ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi, na Machi 15 akafariki.

Isome tena habari hiyo, ndugu yangu. Yule askari alikufa kwa sababu dawa iliisha kabla ya ugonjwa kuisha, na duniani kote hapakuwa na nyingine. Sisi leo dawa ipo, halafu tunakwenda duka la dawa kununua vidonge sita kwa kuwa fedha ndizo zilizopo, au tunaacha kumeza siku ya tatu uvimbe ukipungua. Tunajifanyia wenyewe kile ambacho Oxford walikililia. Tabibu akikuandikia siku saba, meza siku saba.

Na kabla ya dawa yoyote, maji na sabuni. Osha palepale, maji yakitiririka, kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu kuhesabu. Ndoo moja na kikombe mtu mwingine akikumiminia vinatosha. Sabuni ya mche inafaa. Usiweke majivu, usiweke kinyesi cha ng'ombe, usiweke mafuta ya taa, wala usifunge kwa kitambaa kilichokuwa kinafutia pikipiki. Acha kidonda kipumue au kifunike kwa kitambaa safi.

SWALI LA PILI: PEPOPUNDA ULICHOMWA LINI?

Kwa karne nyingi watu walifikiri pepopunda ni upepo mbaya, na jina lenyewe la Kiswahili limebeba hilo pepo. Mtu anaumia mguuni, kidonda kinaelekea kupona, halafu taya linakaza, mgongo unapinda kama upinde, na anakufa akili yake ikiwa timamu.

Mwaka 1884, Mjerumani Arthur Nicolaier aliwachoma wanyama udongo wa kawaida wa bustani, wakapata pepopunda. Ugonjwa ulikuwa ndani ya ardhi tunayoilima. Mwaka 1889, Mjapani Kitasato aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani alifanikiwa kukiotesha kimelea chenyewe peke yake. Mwaka uliofuata, yeye na Behring walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya kimelea hicho inaweza kumkinga mwingine.

Kinga hiyo ilipimwa vitani. Wazee wa Lindi wamepokea habari za mapigano ya Mahiwa na Nyangao ya Oktoba 1917, Waingereza na Wajerumani wakipigana katika ardhi yetu na wapagazi wetu wakibeba mizigo yao. Katika vita hivyohivyo upande wa Ulaya, askari walikuwa wanajeruhiwa kwenye mashamba yaliyojaa mbolea ya farasi, na miezi ya kwanza pepopunda iliwaua wengi. Majeruhi walipoanza kuchomwa ile kinga mara tu wanapoumia, ugonjwa ukapungua sana. Miaka ya 1920 ikapatikana chanjo yenyewe, inayochomwa kabla mtu hajaumia. Ndiyo tunayochanjwa mpaka leo.

Kimelea cha pepopunda kinaishi udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo. Kinapenda kidonda chembamba kisichopata hewa. Sasa tazama kucha za paka wa ghalani: anachimba udongo, anapita zizini, halafu anachoma kwa ncha nyembamba.

Hapa wanaume wenzangu nawaomba mnisikilize. Mpango wa taifa wa chanjo za watoto ulianza mwaka 1975. Mama zetu na dada zetu huongezewa sindano za pepopunda wanapokuwa wajawazito. Mwanaume akishamaliza za utotoni, kama alizipata, mara nyingi ndiyo basi tena. Anashika jembe, anachoma mkaa, anavua, anachinja, na kinga inazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ukiulizwa ulichomwa lini na hukumbuki, sema hukumbuki. Jibu hilo peke yake linatosha tabibu kuamua kukuchoma.

SWALI LA TATU: PAKA YUKO WAPI?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Kidonda kinachooza kinakuonya: kinauma, kinavimba, unakwenda hospitali. Kichaa cha mbwa hakikuonyi. Kidonda kinaweza kupona kabisa, mwezi mmoja au miwili au mitatu ikapita, ukawa umesahau. Siku dalili zikianza, maji yakikushinda kumeza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya kumrudisha. Nafasi yako yote iko kabla ya dalili.

Jina linatupotosha. Kinaitwa kichaa cha mbwa, lakini kinampata paka, mbweha, ng'ombe, mbuzi, punda na mtu. Kinakaa kwenye mate. Paka mgonjwa akilamba kucha kisha akakuparura, tunahesabu kwamba kimekugusa. Kwa paka njia hii si ya kawaida kama kung'atwa na mbwa, lakini kwa ugonjwa usiopona hatubahatishi.

Julai 6, 1885, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister aliletwa Paris na mama yake. Alikuwa ameng'atwa mara nyingi na mbwa siku mbili kabla. Pasteur, yuleyule wa kuku, hakuwa daktari wa watu, na chanjo yake alikuwa ameijaribu kwa mbwa. Mtoto alichomwa sindano 13 kwa siku zipatazo kumi na moja. Akaishi, akakua, akaja kuwa mlinzi wa taasisi ya Pasteur. Pasteur mwenyewe alifariki Septemba 28, 1895. Ndiyo maana Septemba 28 kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Kwa watu wa Kilwa, mwaka huo wa 1895 ni ule ambao Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya. Kwa hiyo hesabu mwenyewe: tangu enzi za Makunganya, dunia imekuwa na sindano ya kuzuia kifo hiki. Zaidi ya miaka 125.

Hata hivyo watu bado wanakufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo karibu 59,000 kwa mwaka, vingi vikiwa Afrika na Asia. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, wakati vilivyokuwa vikiripotiwa rasmi vilikuwa kama kumi na kitu tu. Wengine wote wanafia nyumbani. Watu husema amerogwa, au ni malaria imepanda kichwani.

Kusini kwetu tuna historia yetu katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2010, serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, walianza mradi mkubwa wa kuchanja mbwa katika wilaya 28 za upande wa kusini-mashariki, Lindi na Mtwara zikiwemo, hadi Pemba. Wakati huohuo mifano kama hiyo ilifanyika Afrika Kusini na Ufilipino. Wengine mtakumbuka mbwa wakiletwa na watoto kwa kamba za katani, wakipakwa rangi baada ya kuchomwa.

Pemba ilionyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2014 ugonjwa ulikoma kisiwani. Mwaka 2016 ukaingia tena, chanjo ikarudiwa, na mwaka 2018 ukakomeshwa tena. Somo ni rahisi: ukilegeza unarudi, ukikaza unaondoka.

Huku bara kuna jambo la ziada. Watafiti waliofuatilia wagonjwa na wanyama Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 waliona kwamba mbweha wana sehemu kubwa ya ugonjwa huku kwetu, tofauti na sehemu nyingi ambako karibu kila kisa ni cha mbwa. Mashamba yetu yanapakana na misitu. Mbweha anakuja usiku kwenye kuku, anakutana na mbwa, anakutana na paka. Kwa hiyo paka "aliyehamia tu" ghalani, kama yule wangu, hakuna anayejua alikutana na nani huko alikotoka.

Ndiyo maana tabibu aliuliza paka yuko wapi. Paka au mbwa anayejulikana, mzima, aliyechokozwa kabla ya kuparura, anaweza kufungiwa na kuangaliwa siku 10. Akiwa bado mzima siku ya 10, ina maana siku ile hakuwa na ugonjwa kwenye mate, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Ila sindano hazingoji siku hizo 10 ziishe. Zinaanza mara moja. Na paka akiwa ametoweka, hakuna cha kuangalia, ratiba inakamilishwa yote. Mimi nilichomwa siku ile niliyofika, nikarudi siku ya tatu, siku ya saba, mpaka mwisho.

KUNA NA LA NNE: MITOKI

Upo ugonjwa mmoja wa kucha za paka ambao si wa haraka. Mtoto anaparurwa, panatokea kipele baada ya siku chache, kinakauka. Wiki moja hadi tatu baadaye mtoki unavimba kwapani, shingoni au kinenani, pamoja na uchovu na homa kidogo. Daktari wa watoto mjini Paris, Robert Debré, alianza kuwaona watoto wa namna hii miaka ya 1930, wote wakiwa wamekaa na paka, na mwaka 1950 akauandika kama ugonjwa wa peke yake. Kimelea chake kilikuja kuonekana mwaka 1983, kikapewa jina mwaka 1992: henselae, kwa kumkumbuka mfanyakazi wa maabara wa Oklahoma, Diane Hensel. Paka wanaambukizana kwa viroboto, na paka wadogo ndio wabebaji wakubwa.

Mara nyingi mitoki hiyo hupoa yenyewe baada ya wiki kadhaa. Lakini kwetu Tanzania usikae nyumbani ukisema ni paka tu. Mtoki unaokaa zaidi ya wiki mbili unaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, au kitu kingine. Nenda ukapimwe, na mwambie tabibu habari ya paka, kwa sababu usipomwambia hatajua. Mtu mwenye kinga pungufu asingoje hata hizo wiki mbili, maana kwake ugonjwa huu unaweza kuenea mwilini.

SASA, LINI UENDE?

Osha kwanza dakika 15. Halafu fuata hesabu hii.

Nenda SIKU ILEILE kama:
1. Paka hajulikani ni wa nani, ametoweka au amekufa.
2. Paka alikuwa na tabia ngeni: anashambulia bila kuchokozwa, anajificha gizani, sauti imebadilika, mate yanatoka, miguu ya nyuma inakokota.
3. Ni jino, hata kama tundu ni dogo.
4. Kucha imeingia usoni, karibu na jicho, au kwenye kiungo cha mkono.
5. Hukumbuki sindano ya pepopunda, au kidonda ni kirefu na kichafu.
6. Aliyeumia ni mtoto mdogo, mzee, mjamzito, mwenye kisukari au mwenye kinga pungufu.

Hata kama paka ni wako na anajulikana, kama ngozi imechanika mweleze tabibu siku hiyohiyo, kwa simu au kwa kwenda, ili yeye ndiye aamue kuhusu sindano. Huo si uamuzi wako wala wangu.

Nenda MARA MOJA, hata usiku, kama baada ya saa au siku chache:
1. Uvimbe unaongezeka badala ya kupungua.
2. Usaha unatoka, au panauma kuliko jana.
3. Vidole havikunji.
4. Kuna mstari unaopanda kutoka kwenye kidonda kuelekea kwapani au kinenani.
5. Una homa au unatetemeka.
6. Taya linakaza au kumeza kunakuwa kugumu.

Angalizo kuhusu wekundu. Vitabu vingi vinasema tazama wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu unaweza usionekane. Tumia mgongo wa mkono wako mwingine: gusa kidonda na pembeni yake, kisha gusa mkono mzima. Pakiwa na joto zaidi, pamekakamaa, panang'aa au pameiva rangi, hiyo ndiyo dalili. Chora mpaka wa uvimbe kwa kalamu ya wino. Kesho yake ukivuka mstari, ondoka.

KABLA YA KUSAFIRI

Si kila zahanati ina sindano ya kichaa cha mbwa. Piga simu kwa afisa mifugo au afisa afya wa kata, akuulizie ipo wapi: Kinyonga pale Kivinje, Sokoine pale Lindi Mjini, Nyangao kwa watu wa Mtama, au kituo kingine karibu nawe. Nauli ya kutoka Njinjo au Kipatimu kwenda mahali ambako dawa haipo ni fedha iliyopotea, na siku iliyopotea ni mbaya zaidi.

Najua sindano hizi zina gharama. Najua mtu anayehesabu sindano, nauli ya safari tatu au nne, na siku za kazi, anaweza kusema ngoja niangalie kwanza. Ndiyo maana naomba vikundi vya kukopeshana viweke jambo hili wazi katika mfuko wa jamii: mwanachama au mtoto wake aking'atwa au akiparurwa, apewe siku hiyohiyo bila kusubiri kikao. Mbuzi mmoja hununuliwa tena.

Na paka au mbwa akishukiwa, usimpige kichwani. Ubongo ndio unaopimwa. Mfungie kama unaweza bila kumgusa, mpigie afisa mifugo.

Mwisho, chanja. Mbwa wako na paka wako pia, kila mwaka, kuanzia umri wa miezi mitatu. Watu wengi huleta mbwa na kumwacha paka nyumbani. Mbebe kwenye kapu lenye mfuniko au gunia la hewa, aje. Ukimshika paka mwenye watoto vaa glavu au funga mkono kwa gunia, jambo ambalo mimi sikulifanya.

Yule paka jike hakurudi ghalani. Watoto wake watatu wakachukuliwa na wanakijiji, nami nikawachanja walipofikisha miezi mitatu, nikiwa nimevaa glavu mpaka kwenye kiwiko. Mzee wa ghala alisimama pembeni na ndoo ya maji na kipande cha sabuni. "Safari hii nimejiandaa, Bwana Mifugo," akasema. Ndoo ile ipo mpaka leo karibu na mlango, na kipande cha sabuni kimefungwa kamba ili kisiibwe. Weka na wewe ghalani kwako.